Kuku wa Njiani

Nilipokuwa kijana, kabla sijaoa, nilikwenda Gairo kung'oa karanga. Nilipanda lori la magunia matupu nikalala usingizi juu ya magunia, lori likanipitisha, nikaja kushtukia niko mbele huko hata sipajui. Nilirudi nyuma kwa miguu siku nzima. Kwa hiyo mimi Gairo niliingia kutokea upande wa Dodoma, na kila aliyeniuliza natoka wapi aliona nadanganya.

Gairo kuna upepo. Sisi Waluguru wa milimani tumezoea ukungu na maji yanayopita nyuma ya nyumba usiku na mchana hata huyasikii tena. Kule niliona watu wanasubiri ndoo moja ya maji tangu asubuhi na bado wanataniana. Nilifikia kwa mzee mmoja wa Kikaguru na mkewe. Wakanipa kibanda na jembe. Nikang'oa karanga zao, nikazianika, jioni tukikaa tunabangua na yule mama ananisimulia habari za watoto wake waliotawanyika. Nikapapenda. Nikaanza kuwaza moyoni, hivi nikikaa hapa moja kwa moja? Palikuwa na binti wa jirani pia, lakini hapo sitaendelea, maana marehemu mke wangu alikuwa akisema binti huyo anazidi kuwa mzuri kila mwaka ninapomsimulia.

Basi asubuhi moja yule mama akaniletea kuku. Kuku mzima, amechomwa vizuri, amefungwa kwenye kitambaa safi, na chumvi kidogo pembeni kwenye karatasi.

"Mwanangu," akasema, "hiki chakula chako cha njiani."

Mimi nilikuwa sijasema nasafiri.

Nilisimama na kuku wangu mkononi. Nikasema ahsante mama, nikaingia kibandani, nikafunga nguo zangu mbili. Hawakunifukuza, wala hatukugombana. Mavuno yalikwisha, na wao waliona kijana wa watu ana kwao, lazima atataka kurudi, wamfanyie heshima. Hawakuniuliza, nami sikuwaambia. Nilimla yule kuku peke yangu barabarani nikisubiri gari, na alikuwa mtamu, hilo ndilo lililoniuma zaidi. Gairo sikurudi tena. Mtu umeshapewa kuku wa njiani, ukirudi utarudi kama nani?

Nilikuwa nimemsahau kuku huyo. Miaka mingapi, sijui. Nimekumbushwa juzijuzi tu, na mambo ya shule.

Mimi ni mlinzi wa shule ya msingi, huku juu, ukishaiacha barabara ya Mkuyuni unapanda mpaka magoti yanalalamika. Nalinda geti. Geti lipo, ukuta bado, kwa hiyo mbuzi wanapita pembeni na wageni wenye adabu wanapita getini. Napiga kengele, ambayo ni ringi ya gurudumu la lori. Nafukuza nyani kwenye mahindi ya shule. Nyani wananijua. Akija mlinzi wa zamu nyingine wanakimbia, nikija mimi wanasogea hatua tatu tu, kama watu wanaompisha mzee.

Shule mimi nilisoma mpaka darasa la pili, na la pili lenyewe nusu. Haya unayosoma nimejifunza kuyaandika uzeeni, na aliyenifundisha ndiye ninayetaka kumsema.

Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Mnyamwezi, kutoka Tabora. Alikuja mwaka ule mvua zilipobeba daraja la chini, akavuka mto kwa miguu, viatu shingoni, sanduku kichwani. Wanawake waliokuwa wanafua wakamcheka. Mmoja akampigia kelele, "Watani zetu! Babu zako walipita hapa wamebeba mizigo ya watu, na wewe umekuja kubeba ya nani?" Akajibu palepale katikati ya maji, "Nimekuja kubeba ujinga wenu, dada, nasikia ni mzito!" Siku hiyohiyo akawa mtu wetu. Maana Mnyamwezi na Mluguru ni watani, na mtani asiyejibu hafai.

Walimu wengine walikuja wakaondoka. Huku ni mbali, kuna baridi, mtandao wa simu unaupata ukisimama juu ya jiwe moja nyuma ya choo cha wavulana. Wakipata uhamisho wanakwenda mjini Morogoro, na siwalaumu. Yeye alikaa. Mkewe alifariki zamani kabla hajaja kwetu, watoto hakujaliwa, na kwa miaka yote zaidi ya ishirini alifundisha darasa hilohilo la kwanza. Waliosoma kwake wakaleta watoto wao. Alikuwa na namna yake: anamshika mtoto mkono kwa nyuma, mkono juu ya mkono, wanaandika herufi pamoja polepole, halafu anauachia bila kusema. Mtoto anaendelea peke yake, hajui kama ameachiwa.

Mimi nilikuwa nakaa kwenye kigoda changu chini ya dirisha la darasa lake, kwa sababu hapo jua linafika mapema. Nasikiliza. Watoto wakiimba a, e, i, o, u, na mimi nachora mavumbini kwa fimbo. Nilidhani hanioni. Asubuhi moja nikakuta kipande cha chaki kwenye kizingiti cha dirisha, upande wa nje. Kesho yake kingine, na ubao mdogo uliovunjika pembe. Tukaendelea hivyo, yeye ndani, mimi nje, mpaka nikaweza kuandika jina la mama yangu. Nilipomwonyesha, aliutazama ubao akaniambia, "Mtani, hii herufi ya mwisho imelala kama mlinzi."

Sasa nieleze habari ya ardhi, usije ukapotea mbele. Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo unafuata mama. Mimi ni mjomba, nasemea tu, wenye neno ni dada zangu, hasa dada yangu mkubwa. Mgeni akitaka kulima anaazimwa shamba. Analima mahindi, maharage, mboga, kila kinachokwisha kwa msimu. Mti hapandi. Mti una mizizi, na mwenye mti ana neno juu ya ardhi iliyoushika. Kwa hiyo mgeni akikuomba apande mti, jua kwamba hakuombi mti. Anakuomba akae mpaka afie hapo, na azikwe hapo.

Mwalimu tulimwazima kipande nyuma ya shule, akalima mboga. Hakupanda mti hata mmoja. Lakini miche alipenda kuliko kitu chochote. Barazani kwake yalipangwa makopo ya rangi, makopo ya maziwa, mpaka sufuria lililotoboka, yote yana miche: mifenesi, midalasini, michungwa. Ikikua anaigawa. Ukienda nyumba yoyote huku ukaona mdalasini mlangoni, uliza ulitoka wapi, utaambiwa kwa mwalimu. Ila mche mmoja wa mfenesi alikuwa haugawi. Kila ulipozidi kopo aliuhamishia kopo kubwa zaidi, mwishoni ukawa ndani ya ndoo, unafika kifuani.

Mwaka huu alikuwa anafikisha miaka ya kustaafu. Siku moja watoto wameshaondoka, akaja kwenye kengele yangu.

"Shikamoo, Mtani."

"Marahaba. Umekuja kuiba kengele uende nayo Tabora?"

Hakucheka. Akakaa chini kabisa, kwenye nyasi.

"Nyumba ya shule nitatakiwa kuiachia," akasema. "Nyuma ya mboga zangu pale pana kijiuwanja. Nilitaka kupanda mfenesi wangu. Mmoja tu."

Nilielewa. Mtoto wa Kiluguru wa miaka saba angeelewa. Nikamjibu kwa utani, kwa sababu jambo lilikuwa zito na utani unapunguza uzito. "Mnyamwezi akipanda mti si atataka aubebe kichwani akiondoka?"

"Huyu hataondoka," akasema.

"Basi niachie," nikamwambia. "Nitazungumza na dada yangu."

Sikuzungumza.

Watu wakiniuliza kwa nini, nimewahi kusema nilikuwa na kazi nyingi, nimewahi kusema dada alikuwa anaumwa mguu. Vyote viwili ni kweli na vyote viwili si sababu. Sababu ni kwamba nilipenda kuombwa. Maisha yangu yote mimi ndiye niliyeomba, kazi, gari, dawa. Sasa mwalimu mzima, msomi, kila asubuhi ananitazama kwa jicho la kuuliza, na mimi namwambia, "Bado, Mtani, mambo ya ukoo yanakwenda polepole." Nilijisikia mtu mkubwa. Nikasema wiki ijayo. Na wiki ijayo nikasema hivyohivyo.

Katikati ya hayo, mwalimu mkuu wetu, mama kijana tunayemwita Madam, akarudi kutoka semina mjini na jambo jipya. Akaita kamati ya shule, na mimi nimo kwa ajili ya uzee. Akasema huko wamejifunza kwamba wazazi wanapaswa kuwa na siku ya kuwashukuru walimu na wafanyakazi wote wa shule, mpishi, mlinzi, wote, kabla hawajafa.

"Kwa nini kabla hawajafa?" akauliza mwenyekiti, mama mmoja anayeuza ndizi Mkuyuni.

"Kwa sababu tunawashukuru msibani, Mwenyekiti. Msibani kila mtu alikuwa mzuri."

Ikakubalika. Mpishi apewe sufuria mpya, walimu vitenge na mashati, mlinzi apewe koti la mvua na tochi yenye kamba ya shingoni. Hapo nilikohoa kuonyesha sijali. Ndipo wakafika kwa mwalimu wa darasa la kwanza.

"Huyu anastaafu, zawadi yake iwe kubwa," akasema mwenyekiti. "Kwao mbali. Tumnunulie begi. Yale makubwa yenye magurudumu."

"Na blanketi la njiani," akasema mzazi mmoja.

"Na mkeka, asije akakaa chini kwao wakasema Waluguru wamemtoa mikono mitupu."

Mpishi akasema, "Kuku niachieni mimi. Mtu haendi Tabora bila kuku."

Watu wakafurahi. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la watoto, magoti yakinigusa kidevu, na nilijua mimi peke yangu mle ndani kwamba mtu huyu haendi Tabora. Neno lilinifika mdomoni. Lakini ningelisema, wangeuliza, alikwambia lini? Na ningejibu miezi mitatu iliyopita. Nikameza. Nikajiambia nitazungumza na dada jioni hiyohiyo, mambo yatajipanga. Jioni ile niliona mvua inakuja nikalala.

Siku yenyewe ilikuwa nzuri, sitaki kudanganya. Wanawake walianza kupika alfajiri, ndizi, magimbi, wali wa nazi. Watoto wa darasa la kwanza waliimba, mmoja akasahau akalia, mwalimu akaenda kumshika mkono kwa nyuma kama anavyofanya darasani wakamalizia pamoja. Mpishi aliitwa mbele akapewa sufuria lake, akalivaa kichwani akacheza nalo. Mimi nikaitwa nikavalishwa koti la mvua jua likiwaka. Nikarudi kukaa na jasho langu, nikawa nawasha tochi na kuzima, kumulika viatu vya watu mchana kweupe. Yaani nilikuwa nachezea tochi wakati wanamwita yeye.

Wazee wetu, watani zake, wakamzuia kwanza. "Mnyamwezi huyu tumpekue kabla hajaondoka! Hajaficha mlima mfukoni?" Wakampapasa mifuko, watu hoi kwa kicheko. Akainua mikono akasema, "Pekueni, mtakuta chawa wenu nawarudishia!" Halafu mwenyekiti akatoa begi. Jekundu, kubwa, bado lina nailoni. Juu yake blanketi na mkeka. Na mpishi akaja nyuma amepiga magoti kwa heshima, mikono miwili, na kuku mzima amefungwa kwenye kitambaa cheupe.

"Mwalimu wetu," akasema, "chakula chako cha njiani."

Hapo ndipo tochi iliponizimikia mkononi. Niliuona upepo wa Gairo. Namaanisha hivyo, niliuona, na vumbi lake.

Mwalimu alimpokea kuku kwa mikono miwili. Akamtazama, akawatazama watu, akanitafuta mimi kwa macho akanipata. Hakunikasirikia. Alinitazama kama anavyomtazama mtoto aliyekosea herufi. Akawaambia watu, "Nimeshukuru. Nimeelewa. Sikujua mnanipenda kiasi hiki." Na ni kweli walimpenda. Wanawake walikuwa wanalia. Watoto wakaligombea begi, wakalivuta kwenye mawe, gurudumu moja likatoka jioni hiyohiyo.

Kabla ya magharibi nilikuwa kwa dada yangu, na koti langu la mvua. Nikamweleza yote, na yangu mwenyewe nikayasema.

Dada yangu alikuwa anachambua mchicha. Akaacha.

"Miezi mitatu?"

"Mitatu."

"Mdalasini wangu ule kautoa nani?"

"Mwalimu."

"Mjukuu wangu kamfundisha kusoma nani?"

"Dada, nimekosa."

"Wewe hukukosa, wewe ulivimba. Ungekuja na nusu ya maneno hayo ningekwambia ndiyo kabla hujakaa." Akaurudia mchicha. "Kesho asubuhi. Jembe nitabeba mwenyewe."

Asubuhi tulikwenda, dada na jembe lake, mguu wake unamuuma, amekataa nimshike. Tulimkuta barazani anagawa miche, watoto wa darasa lake wamepanga mstari, kila mmoja kopo lake. Ndoo ya mfenesi ilikuwa bado pembeni. Dada hakusalimia. Akapita moja kwa moja mpaka kile kijiuwanja nyuma ya mboga, akachimba. Alichimba peke yake mpaka shimo likafika gotini. Ndipo akamgeukia.

"Mwalimu, sisi ukoo tumechelewa, na aliyetuchelewesha ni huyu hapa, mchape ukitaka. Lete mti wako upande. Ukae."

Mwalimu akamkabidhi mtoto wa mbele kopo lake. Kisha akaibeba ndoo akaja. Akaipasua kwa panga, akautoa mche na udongo wake wote, akaushusha, akamwambia mtoto mmoja aushike wima. Dada akafukia upande wake, yeye upande wake. Watoto wakaleta maji kwenye vikombe vya uji. Mpishi alikuwa ameshasikia, akaenda kubandika chai, na mimi nikakaa kwenye nyasi kama mtu aliyetua mzigo. Nikaona limekwisha.

Akanawa mikono. Akaingia ndani. Akatoka na lile begi jekundu begani, maana gurudumu lilishatoka, blanketi na mkeka vimefungwa juu kwa kamba. Ufunguo wa nyumba akampa Madam, aliyekuwa amefika.

"Mtani," nikasema, "unakwenda wapi? Mti umepandwa."

"Umepandwa. Ahsante, Mama," akamwambia dada yangu, akapiga goti moja chini, mtu mzima yule. Halafu kwangu, taratibu, "Jana baada ya sherehe nilikwenda kwenye jiwe nikampigia simu mdogo wangu kule Tabora. Nikamwambia nimeagwa, nakuja. Akalia. Akasema usiku huuhuu anafagia chumba. Sasa leo nimwambie nini?"

"Mwambie bado! Mwambie tumekosea!"

"Na kuku nimeshamla," akasema, akatabasamu. "Nusu. Nusu nimeweka ya njiani. Mpishi mwambie alikuwa mtamu."

Nilikuwa na mengi ya kusema. Nilitaka kumwambia habari za Gairo, kwamba namjua kuku yule ladha yake mpaka leo. Nilichofanya nikavua tochi shingoni nikamvisha. Akaiwasha mara moja, akanimulika usoni mchana ule, akaizima.

Watoto walitaka kumsindikiza. Akawaambia wabaki, wamwagilie mti, asubuhi na jioni, na wasiubandue ganda kwa kucha. Yule aliyesahau wimbo alikuwa amemshika mkono. Walitembea wote wawili mpaka kwenye geti letu lisilo na ukuta. Hapo nilimwona anauachia ule mkono, polepole, bila kusema, na mtoto akaendelea hatua mbili tatu kabla hajajua.

Akapita getini. Akashika njia ya kuteremka Mkuyuni, begi jekundu begani, hakugeuka, na hajarudi.